Zamu hii ni ya nani? Kukata mzizi wa fitina katika mchezo wa kubadili kanuni

Wachezaji wa Nomic, mchezo ambao kila zamu mtu anapendekeza kubadili kanuni zake, wako watano, tuwaite A, B, C, D na E, na zamu zinazunguka kwa mpangilio huo. Mizunguko miwili imekwisha, mapendekezo kumi yameshapigiwa kura, kuanzia la 301 hadi la 310. Kanuni ya 203, ambayo mwanzoni ilidai kura zote, imejigeuza yenyewe na sasa inadai wingi wa kawaida tu. Zamu ya 11, A anapendekeza (311) kanuni hiyo ya 203 irekebishwe ili kuanzia sasa pendekezo lipite kwa theluthi mbili ya kura. Linapata kura 3 kati ya 5, linapita. Zamu ya 12, B anapendekeza (312) kanuni ya 202 irekebishwe ili kila mchezaji arushe dadu mbili badala ya moja. B, C na D wanakubali, A na E wanakataa. Mwenye daftari, kwa mazoea ya zamu iliyotangulia, anaandika "limepita". A na E wanapewa pointi 10 kila mmoja, kwa sababu kanuni ya 204 humlipa anayepinga pendekezo lililoshinda. B anarusha dadu mbili. Zamu ya 13, C anapendekeza (313) kanuni ya 206 ifutwe, ile inayomkata pointi 10 mtu ambaye pendekezo lake limeanguka. Linapita kwa kura 4 kwa 1, naye anarusha dadu mbili. Zamu ya 14, pendekezo la D linaangushwa, hakatwi kitu, anarusha dadu mbili.

Inafika zamu ya E. Anafungua daftari na kupiga hesabu. Theluthi mbili ya kura 5 ni kura 3 na ushee, kwa hiyo zilihitajika 4. Pendekezo la 312 halikupita.

Nomic ulibuniwa na mwanafalsafa wa Marekani, Peter Suber, na ulijulikana kwa watu wengi Juni 1982 ulipochapishwa katika safu ya Douglas Hofstadter kwenye jarida la Scientific American. Unaanza na kanuni 29. Kuna 16 ngumu, 101 hadi 116, ambazo haziguswi mpaka kwanza zigeuzwe kuwa laini kwa kura zote. Nyingine 13, za 201 hadi 213, ni laini. Kila zamu mchezaji anapendekeza badiliko moja la kanuni, linapigiwa kura, kisha anarusha dadu na kujiongezea pointi. Mtu akiusoma mara ya kwanza hudhani ugumu uko kwenye kutunga mapendekezo ya kijanja. Sivyo. Meza nyingi huvunjika kwa swali dogo kama hili la E: jambo fulani lilitokea au halikutokea?

Tazama linavyosambaa. Ikiwa 312 halikupita, B alipaswa kukatwa pointi 10, na A na E wanadaiwa 10 kila mmoja. Hapo ni hesabu tu. Shida inaanzia kwenye dadu. B, C na D walitakiwa kurusha dadu moja wakarusha mbili kwa pamoja, na hakuna ajuaye ipi ihesabiwe. Baya zaidi, kanuni ya 201 inasema sehemu ya zamu hairukwi. Mmoja atadai kwamba aliyerusha mbili amerusha na moja ndani yake. Mwingine atadai kwamba kitendo kilichoamriwa, yaani kurusha dadu moja mara moja, hakijafanyika mpaka sasa. Wa pili akishinda, zamu ya B haijaisha. Basi C alipendekeza nje ya zamu yake, 313 si kitu, kanuni ya 206 bado ipo, na la D nalo halikuwa pendekezo halali. Zamu mbili zimefutika na ya tatu haijaisha, kwa kosa la kura moja.

Kuna namna mbili za kuliona jambo hili, na wachezaji wa Nomic wamebishana juu yake kwa miongo. Kambi ya kwanza, inayoitwa ya Kiplato, inasema hali ya mchezo ni ile inayotokana na kanuni zenyewe, watu waijue wasiijue. Kwa kambi hiyo 312 lilikufa palepale, na kilichofuata ni watu kucheza ndotoni. Kambi ya pili, ya kivitendo, inasema hali ya mchezo ni ile iliyotangazwa na kukubaliwa mezani mpaka itenguliwe kwa njia iliyowekwa. Msimamo wangu uko na ya pili, na sababu si uvivu wa kusahihisha. Katika mchezo ambao kila zamu inajengwa juu ya kanuni ya zamu iliyopita, ukweli usio na ukomo wa muda unamfanya kila mchezaji awe na haki ya kuubomoa mchezo wote kwa kosa la zamani alilolikalia kimya. Atakayekosa kuitumia siku anaposhindwa ni nadra.

Wengi hawaoni kwamba Suber mwenyewe aliweka ukomo huo ndani ya kanuni ya 212. Kanuni hiyo hukumbukwa kwa sehemu yake ya kwanza: wachezaji wakitofautiana kuhusu uhalali wa hatua au maana ya kanuni, mchezaji anayemtangulia mwenye zamu ndiye mwamuzi. Mtu mmoja tu akishikilia kwamba kuna tofauti, tofauti ipo. Mchezaji anayefuata haanzi zamu yake bila ridhaa ya wengi kati ya wenzake. Lakini katikati ya kanuni hiyo ndefu kuna sharti kwamba mwamuzi mpya anaamua maswali yale tu ambayo wachezaji wanatofautiana sasa hivi na ambayo yanagusa ukamilishaji wa zamu ambamo uamuzi umeombwa. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Maswali ya zamu zilizokwisha hayafiki mbele ya mwamuzi isipokuwa yanazuia zamu iliyopo.

Chukua sasa kesi ya E na ulipime kila swali kwa kipimo hicho. A na E warudishe pointi 10? Zamu ya E inaweza kukamilika bila jibu, kwa hiyo halisikilizwi. B akatwe 10? Vivyo hivyo. Dadu za C na D zihesabiweje? Vivyo hivyo. E arushe dadu ngapi? Hilo linagusa zamu yake moja kwa moja, lazima liamuliwe, na ili liamuliwe lazima mwamuzi aseme kama 312 lilipita. Hii ni zamu ya E kweli, au bado ni ya B? Nalo linagusa.

Na hapo ndipo fundo lenyewe lilipo. Kama ni zamu ya E, mwamuzi ni D. Kama bado ni zamu ya B, mwamuzi ni A. D alilipigia 312 kura ya ndiyo na ameshafaidi dadu zake mbili. A alilikataa na ana pointi 10 zilizotokana na kutangazwa kwamba limepita. Umpe yeyote kati yao, ni kesi ya ngedere hakimu nyani. Kanuni inasema mwamuzi anaamua hata maswali kuhusu uhalali na mamlaka yake mwenyewe, lakini haisemi nani anakuwa mwamuzi wa kwanza pale ambapo zamu yenyewe ndiyo inayogombaniwa.

Mazoea yanayofanya kazi ni kufuata zamu ya dhahiri. Mchezaji aliyeanza zamu hadharani bila kupingwa anahesabiwa kuwa mwenye zamu kwa madhumuni ya kumpata mwamuzi, basi. Kwa hiyo D anakaa kitini. Si kwa sababu ni mwadilifu kuliko A, bali kwa sababu jina lake linajulikana bila kujibu kwanza swali analoletewa. Kiti cha mwamuzi kikitegemea jibu la kesi, kesi haina pa kuanzia.

Swali liandikwe kabla ya kujibiwa. Meza nyingi hupuuza hatua hii kisha hujuta, kwa kuwa watu watano wanaweza kukubaliana na uamuzi mmoja huku kila mtu akidhani umejibu swali lake. "Je, 312 ni halali?" ni swali baya, linafungua kila mlango wa nyuma. Swali zuri ni sentensi ambayo mwamuzi anaweza kuandika pembeni yake kweli au si kweli: "Katika zamu hii E anatakiwa kurusha dadu moja." Katika Agora, Nomic inayochezwa kwa maandishi kupitia intaneti tangu Juni 1993, ndivyo kesi zinavyofunguliwa: anayelalamika anaandika kauli, mwamuzi aliyepangiwa anatamka kama ni kweli au si kweli na kutoa sababu. Uzoefu wa zaidi ya miaka 30 wa mchezo mmoja si kitu cha kudharau.

Katika kutoa sababu, mpangilio wa kanuni ya 212 unatosha: kwanza maandishi ya kanuni zilizopo, pale yanaponyamaza, yanapogongana au yanapokuwa na utata, ndipo desturi ya mchezo na moyo wa mchezo, kabla ya vigezo vingine vyovyote. Makosa hutokea mtu anapoanzia mwisho. Kuhusu dadu ngapi, maandishi hayana utata hata kidogo: 203 kama ilivyorekebishwa inadai theluthi mbili, 3 kati ya 5 haifiki, kwa hiyo 202 haikubadilika. Dadu ni moja. Desturi haina nafasi hapo, hata kama watu watatu wameshairusha mbili. Lakini kuhusu kama zamu ya B iliisha, maandishi hayasemi kurusha dadu zaidi ya inavyotakiwa ni kuruka sehemu au la. Hapo desturi inaingia, na desturi ya kila meza ni kwamba zamu iliyopokelewa na wote imekwisha. D anaandika mistari miwili: zamu ni ya E, E atarusha dadu moja. Pointi za nyuma hazimhusu. Anayeona ameonewa, tuseme C, ana zamu yake inayokuja: apendekeze kanuni ya kurekebisha pointi, ipigiwe kura kama nyingine.

Mtu atasema hivyo B anafaidika na kosa. Ni kweli, anabaki na pointi 10 alizopaswa kupoteza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. A na E walikuwa mezani kura zilipohesabiwa, na kwa nafasi hiyo kila mmoja alitia pointi 10 mfukoni. Kanuni za mikutano za Henry Martyn Robert, zilizotoka mara ya kwanza 1876 na bado zinatumika katika matoleo mapya, zina msimamo huohuo: hoja ya utaratibu hutolewa pale kosa linapofanyika, si baada ya mkutano kusonga mbele, isipokuwa kwa makosa machache yanayoendelea kuumiza. Mahakama nazo zimeufikia msimamo huo. Mwaka 1892, katika kesi ya Field dhidi ya Clark, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kufukua kumbukumbu za mabunge kuona kama muswada wa ushuru uliotiwa saini na viongozi wa mabaraza yote mawili ulikuwa na kila kifungu kilichopitishwa. Saini zilitosha.

Mwamuzi akikosea, dawa iliyopo ni kali mno. Uamuzi wake unatenguliwa kwa kura zote za wachezaji wengine, kabla zamu inayofuata haijaanza. Kwenye meza ya watu watano hiyo ni kura 4 kwa 0. Mwamuzi mwenye rafiki mmoja hagusiki. Napendekeza kushusha kiwango hicho mapema, angalau kiwe wote isipokuwa mmoja. Hata kwenye mikutano ya Robert uamuzi wa mwenyekiti hutenguliwa kwa wingi wa kawaida, na kura zikilingana uamuzi wake ndio unaosimama.

Meza ya wachezaji wawili ina tatizo la kinyume. A anacheza, B ni mwamuzi. "Wachezaji wengine wote" ni A peke yake, kwa hiyo A anautengua uamuzi wowote usiompendeza. Mwamuzi mpya anapaswa kuwa anayemtangulia B, ambaye ni A, lakini kanuni inakataza mtu kuwa mwamuzi katika zamu yake mwenyewe. Kiti kinarudi kwa B. A anatengua tena. Hakuna mahali pa kusimama. Halafu kanuni ya 213 inasema ikiwa uhalali wa hatua hauwezi kuamuliwa kwa ukomo, mchezaji wa kwanza anayeshindwa kukamilisha zamu ndiye mshindi. Anayeshindwa kukamilisha zamu ni A, yuleyule aliyekuwa anatengua. Wawili wakitaka kucheza Nomic kwa kanuni za mwanzo, waweke mtu wa tatu asiyecheza awe mwamuzi, au waondoe haki ya kutengua kabla dadu ya kwanza haijarushwa.

Kanuni ya 213 inapendwa sana na wajanja, kwa sababu inageuza mkwamo kuwa ushindi. Haihitaji woga, inahitaji kusomwa kwa ukamilifu: ili hatua ionekane halali na haramu kwa uzito sawa, hilo lazima liwe limefikiwa kwa hoja bora za mwamuzi, na uamuzi wake usiwe umetenguliwa. Kelele za mchezaji mmoja kwamba "hapa kuna kitendawili" hazitoshi. Mwamuzi akipata hata uzani mdogo wa upande mmoja, hakuna kitendawili.

Kinga dhidi ya kosa la 312 ni rahisi kuitamka, na ina mtego ndani yake. Watu wengi huandika kanuni ya namna hii: "Tokeo lolote lililoandikwa kwenye daftari lisipopingwa ndani ya zamu mbili linakuwa sahihi." Agora ina utaratibu wa aina hiyo: tangazo rasmi lisipopingwa kwa wiki moja, hali ya mchezo inarekebishwa kwa kiasi kidogo kabisa kinachotosha kulifanya tangazo liwe kweli. Ni wazo zuri sana. Maji yakimwagika hayazoleki, basi na daftari lisijaribu kuyazoa. Lakini katika seti ya Suber kuna kanuni ya 104, na ni ngumu: badiliko la kanuni linapita ikiwa, na ikiwa tu, limepata kura zinazohitajika. Kanuni laini inayosema pendekezo lililokosa kura limepita kwa kuwa limeandikwa hivyo inagongana na 104, na kwa kanuni ya 110 kanuni laini inayogongana na ngumu ni batili yote. Si kipande kilichogongana tu. Yote. Utakuwa umeandika kinga ambayo haipo, na utaligundua hilo siku unapoihitaji.

Njia ya kupita ni kutoligusa swali la kura zilizopatikana, bali la kura zinazohitajika. Kanuni ya 104 haitaji idadi, imeiachia 203, nayo ni laini. Irekebishwe 203 iongezewe maneno haya: "Kabla ya kura ya kwanza kupigwa, mwenye daftari atatangaza idadi ya kura zinazohitajika. Asipopingwa kabla ya kura hiyo, idadi aliyoitangaza ndiyo inayohitajika kwa pendekezo hilo." Katika kesi yetu angetangaza 3 kwa mazoea, na hapo ama E angemsahihisha palepale, ama 312 lingepita kwa haki kabisa. Kwa pointi na mpangilio wa zamu, kanuni ya kutopingwa ndani ya zamu mbili inatosha, mradi iseme yenyewe kwamba inazishinda kanuni laini nyingine, kwa kuwa hakuna kanuni ngumu inayoigusa. Ila isemwe kwamba kila zamu inaandikwa kwa mstari wake: namba ya pendekezo, kura za ndiyo na hapana kwa majina, idadi iliyohitajika, dadu, na pointi za kila mtu baada ya zamu. Daftari lenye jumla tu humpa mjanja nafasi ya kuchomeka pointi 20 katikati na kusubiri muda upite.

Kanuni za kuanzia na 301 zina udhaifu mwingine unaozaa migogoro mingi bila sababu. Kanuni mbili laini zikigongana, kwa 211 inashinda yenye namba ndogo, isipokuwa mojawapo imesema yenyewe kwamba inaishinda au inaipisha nyingine. Kwa hiyo kila kanuni mpya inazaliwa ikiwa chini ya zile 13. Ukitunga kanuni mpya inayopingana na 202 bila kuandika "kanuni hii inaishinda 202", hujabadilisha chochote, hata kama meza nzima imepiga kura ya ndiyo. Na zikishafika kanuni laini 25, kanuni ya 209 inaziba mlango: ya 26 itapita kwa kura na kuzua mgogoro dakika ileile. Mwenye daftari aandike hesabu hiyo juu ya ukurasa.

Limebaki lile gumu kuliko yote, nalo ni kanuni ya 212 yenyewe kuwa laini. Inaweza kurekebishwa au kufutwa kwa kura kama kanuni yoyote laini, na kwa kanuni ya 205 badiliko lina nguvu pale kura inapomalizika. Ikitokea ubishi kama badiliko hilo lilipita, anaamua nani, mwamuzi wa kanuni ya zamani au wa kanuni mpya? Kila upande utakuwa na mwamuzi wake, na kila mwamuzi atakuwa na mamlaka ya kuthibitisha mamlaka yake. Sentensi moja inazuia: "Ubishi kuhusu pendekezo linalogusa kanuni hii utaamuliwa kwa kanuni hii kama ilivyokuwa kabla ya kura, na kwa zamu ya dhahiri." Ipendekezwe katika mzunguko wa kwanza, wakati kila pendekezo bado linadai kura zote na hakuna anayejua itamkalia nani vibaya.